Yamaha DT125 ya mjomba: nianze na injini au nikate fremu kwanza?

MwalimuWaArua

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijaazima grainda ya jirani.

Mjomba amenipa Yamaha DT125, ile ya zamani inayopozwa na hewa. Aliinunua kwenye mnada wa shirika moja lililokuwa likihudumia wakimbizi huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Watu wa Arua mnazijua, zilikuwa pikipiki za mabwana shamba, mapadri na madaktari wa mifugo. Imekaa stoo miaka chini ya magunia ya muhogo. Kiki inashuka na kompresheni naisikia mguuni, ila ndani ya tangi ni kutu tupu, waya zimeliwa na panya, na skrubu za kava la injini zimechakazwa vichwa, sijui mtu alizifungua na nini.

Ninachotaka: kukata mkia wa fremu, siti fupi bapa, taa ndogo ya mviringo, madigadi membamba, na sailensa fupi yenye sauti ya kueleweka. Hela ya injini bado, mshahara wa mwalimu mnaujua. Ndiyo maana nawaza nianze na fremu na rangi, injini ije mwisho. Rafiki yangu naye ananiambia nitupe injini yote niweke ya Kichina ya stroku nne.

Kazi naifanyia nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha mabati. Nina spana, bisibisi na uvumilivu.

FundiKoboko

Mwalimu, grainda iache kwa jirani.

Injini yako ni ya stroku mbili, haifanani na ya boda ambayo ni stroku nne. Petroli na hewa vinapita kwanza kwenye chumba cha krenki ndipo vinapanda kwenye silinda. Chumba hicho kinafungwa na sili mbili, yaani pete za raba za kuzuia hewa na oili, moja upande wa magneto (kile kinachozalisha umeme) na nyingine upande wa klachi. Pikipiki ikisimama miaka, raba ya sili inakauka. Ya magneto ikivuja, injini inavuta hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mwepesi, pistoni inapata moto hadi inanata kwenye silinda. Ya klachi ikivuja, injini inakunywa oili ya gia, unaona moshi mweupe usioisha na oili ya giaboksi inapungua bila kudondoka chini. Kwa hiyo hiyo kompresheni ya mguuni isikudanganye, haisemi lolote kuhusu sili.

Ukipaka rangi kwanza, halafu ukaja kutoa injini na kuirudisha mara kadhaa, hiyo rangi utaipaka tena. Iwake kwanza ikiwa na sura yake ya kuzaliwa. Itembee. Baada ya hapo kata unachotaka.

Kuhusu skrubu: nyingi za msalaba za Kijapani zilichongwa kwa kipimo cha JIS, yaani kiwango cha viwanda vya Kijapani, na utaona baadhi zina kinukta kidogo kichwani. Bisibisi yetu ya kawaida haikai mpaka chini, inapanda na kula kichwa. Tafuta ncha ya JIS na ile bisibisi ya kupigwa nyundo, inayojizungusha ukiigonga. Ukishazitoa weka za heksagoni, usirudie mateso.

BodaJinja

Mimi nasimama na rafiki yako. Injini ya Kichina ya CG125 spea zake ziko hadi dukani kwa muuza sukari. Hiyo ya stroku mbili inakunywa oili ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli, kila siku, utafilisika.

MwanaBombo

@BodaJinja tupige hesabu kidogo. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 40, lita moja ya 2T inahudumia lita 40 za petroli. Mwalimu anaenda shule na kurudi, hafanyi kazi ya stendi. Hiyo lita itamkalisha.

Halafu kuna makaratasi. Logibuku ya Uganda ina namba ya chesisi na namba ya injini. Ukiweka injini nyingine bila kuibadilisha kwenye usajili, siku trafiki akiinama kusoma namba una kesi ya kueleza injini umeitoa wapi. Mwalimu, swali langu kwako ni kubwa kuliko la sili: logibuku iko kwa jina la nani? Kama bado ni la shirika, tafuta barua ya mnada na risiti sasa hivi, mjomba akiwa hai na kumbukumbu ikiwa hai. Usajili siku hizi umetoka URA, mamlaka ya mapato, ukaenda Wizara ya Kazi na Uchukuzi, anzia huko. Usiweke hata shilingi kwenye pikipiki ambayo kisheria si yako.

Na mikono ya kufungia injini ya CG haikai kwenye fremu ya DT. Utakata, utachomelea, cheni itakwenda upande. Nimeona kazi hizo. Chache sana zilinyooka.

MwalimuWaArua

Asanteni. Mjomba ana barua ya mnada, jumamosi naifuata. Injini ya Kichina nimeiacha.

@FundiKoboko hizo sili nazipimaje bila kufungua injini nzima? Na ile pampu ya oili pembeni, kuna mtu kaniambia niing'oe nichanganye mwenyewe kwenye tangi.

FundiKoboko

Kupima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Toa kabureta na sailensa, ziba matundu yote mawili kwa kipande cha tyubu na bamba lililokazwa kwa bolti. Pistoni iwe chini ili madirisha ya silinda, yale matundu ya kupitisha petroli na moshi, yawe wazi. Chukua plagi iliyokufa, vunja kauri yake, ingiza mrija, uifunge mahali pa plagi. Halafu azima mashine ya kupimia presha ya damu kwa rafiki wa zahanati. Ndiyo, hiyo hiyo. Pandisha hadi 300 kwenye saa yake (milimita za zebaki), ambayo ni karibu psi 6, na inatosha. Usitumie kompresa ya kujazia tairi, utazitoa sili mahali pake. Mshale ukikaa dakika kadhaa bila kushuka, una bahati. Ukishuka, paka povu la sabuni kwenye gasketi na pande za krenki utaona panapopumua. Kava la magneto litoke kwanza, sili iko nyuma yake.

Kama silinda ina michirizi, usiipeleke kuchongwa mikono mitupu. Nunua pistoni ya saizi inayofuata kwanza, zinapanda kwa robo milimita, umkabidhi fundi mashine aichonge silinda kwa kipimo cha pistoni hiyo. Kisha mwambie, na usimame pale uone, alainishe kingo za madirisha ya silinda. Mafundi waliozoea injini za stroku nne husahau hili kwa sababu kwao hayapo. Kingo zikibaki kali, ringi inanasa na kuvunjika, na injini imenoki kabla hujafika Nebbi. Mshale wa pistoni uelekee upande wa sailensa. Klipu za pini ziwe mpya, hata kama za zamani zinang'aa.

Pampu usiing'oe. Yamaha waliiweka kwa sababu inapima oili kulingana na mzunguko na mkono wa gesi. Isafishe, toa hewa kwenye mrija wake, na kwa tangi la kwanza changanya pia 2T kwenye petroli, kama mililita 25 kwa lita. Itatoa moshi, majirani watanung'unika, lakini ukijua pampu inafanya kazi unaacha.

WeldaKatwe

Mwalimu, mimi ni dada wa kuchomelea, Katwe hapa Kampala. Nina neno kwenye tangi, sailensa na mkia.

Tangi lisiguswe na moto. Hata likikaa miaka bila petroli, mvuke unabaki kwenye kutu na mishono. Watu wamekufa hivyo. Kutu itoe kwa siki: jaza, acha siku kadhaa, tingisha na kokoto au cheni fupi, mwaga, suuza na maji yenye magadi, kausha haraka kwa jua, halafu zungusha petroli yenye 2T ndani isirudie. Na chujio jipya kwenye mpira wa mafuta, usisahau.

Sailensa fupi ya bomba nyoofu, hapana. Kwenye boda inaleta kelele tu. Kwenye stroku mbili umbo la ule mtungi ndilo nguvu yenyewe, maana linarudisha mawimbi ya shinikizo yanayosukuma petroli mbichi irudi kwenye silinda isitoke na moshi. Ukikata, pikipiki itapiga kelele na haitapanda hata kilima cha kanisani. Ya kwako imejaa kaboni, safisha hiyo kwanza. Kwa urembo, tutabadilisha kipande cha nyuma pekee.

Mkia: DT yako ina shokapu mbili pembeni au moja iliyolala chini ya tangi?

MwalimuWaArua

Moja, chini ya tangi.

WeldaKatwe

Basi kukata nyuma hakugusi mshikio wa shokapu, hiyo nafuu. Ila gurudumu la DT linapanda juu mno. Kabla ya kukata, fungua shokapu, inua gurudumu kwa mkono hadi mwisho, weka alama hapo. Siti na madigadi yakae juu ya alama hiyo na vidole vitatu zaidi. Wengi hupima pikipiki ikiwa imesimama, wakikalia na abiria tairi inakula siti.

BodaJinja

Na tairi? Boda zetu rimu 17. Hiyo mbele ni 21, nyuma 18. Huipati kwa muuza sukari 😄

MwanaBombo

Hapo kasema kweli. Soko la spea la Kisekka, Kampala, au agiza kwa dereva wa basi la Nairobi, Barabara ya Kirinyaga zipo. Piga picha ubavu wa tairi yenye namba zote, usitume maneno matupu.

MwalimuWaArua

Nimeelewa. Makaratasi, kipimo cha presha, sili, tangi, kisha iwake. Waya je? Panya hawakuacha kitu.

FundiKoboko

Waya za taa mwisho wa yote, za kuwashia injini ni chache. Kama ni ya CDI (kisanduku cha umeme kinachorusha cheche ya plagi) ya magneto itawaka bila betri, unahitaji hivi tu: koili ya magneto, pikapu, CDI, koili ya plagi, na waya wa kuzimia. Taa zake zinaweza kuwa za voti 6, hakikisha kabla hujanunua hiyo ya mviringo, nyingi dukani ni za 12. Tukirudi kwenye sili, ukizitoa soma ubavuni, kuna namba tatu: ndani, nje na unene. Ziandike hapa hapa. Duka la beringi pale Arua wanauza kwa vipimo, ila waambie ni za krenki, zinazostahimili joto na petroli. Wakikupa za kawaida zitakauka tena.