Nimeuziwa pampu ya vakyumu yenye ufa uliofichwa kwa rangi, kisha nikaambiwa sijui kuchomelea

Ndugu mafundi wa majokofu na viyoyozi, ninaandika nikiwa na hasira. Mwezi uliopita nilinunua Kariakoo pampu ya vakyumu ya hatua mbili, ile ya kufyonza hewa yote kwenye mabomba, kwa shilingi 380,000, nikahakikishiwa kuwa ni mpya, lakini tangu siku ya kwanza haijawahi kushuka hadi mikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani), kiwango ambacho sote tunakitafuta kabla ya kujaza gesi. Muuzaji alinijibu kwa dharau kwamba mabomba yangu ndiyo yanayovuja, na mimi, kwa ujinga wangu, nikakata na kuchomelea upya viungo vya jokofu la mteja mara mbili kwa gharama yangu.

Povu la sabuni tunalotumia kutafuta mvujo halisaidii hapa, kwa kuwa hewa inaingia badala ya kutoka. Nikaamua kuunda kipimo changu mwenyewe. Nilipasua kioo cha balbu ndogo ya dashibodi bila kuukata waya wake wa ndani (ya tatu ndiyo iliyosalimika), nikaiziba kwa gundi ya epoksi kwenye kipande cha bomba la shaba, kisha nikaiunganisha na resista tatu na betri, kwa umeme hafifu usioweza kuiwasha. Hewa inapopungua, waya ule hukosa wa kuupoza, hupata joto zaidi na ukinzani wake hupanda, nayo mita huonyesha hapo hapo. Ndiyo kanuni ya geji ya vakyumu aliyoibuni mwanafizikia Marcello Pirani mwaka 1906.

Niliondoa jokofu, nikabakiza pampu, hozi na kipimo. Mita ikagoma palepale, yaani hewa bado ilikuwa inaingia. Nikachukua bomba la sindano lenye spiriti, ambayo ikifyonzwa kwenye ufa huifanya mita ibadilike, nikawa nadondosha tone moja moja: kwenye hozi, kimya, kwenye nati, kimya, lakini tone lilipogusa shingo ya shaba inapoingia kwenye mwili wa pampu, tarakimu ziliruka kabla sijahesabu mbili. Nilikwangua rangi ya bluu mahali hapo kwa kisu, nikakuta ufa mwembamba kama unywele, umejazwa gundi iliyokwisha kukauka na kugeuka njano. Pampu mpya gani hiyo?

Nimemtumia muuzaji picha na video, nikidai fedha zangu zote, si pampu nyingine. Jana amejibu kwamba yuko tayari kuikagua, mradi niende na pampu peke yake na "hiyo balbu yako" niiache nyumbani. Nakwenda Jumatatu, na balbu naibeba.