Women's WorldTour 2016: ilikuwaje Guarnier akambwaga Armitstead?

Mpanda_Vilima
Wakuu habari za muda huu. Napitia matokeo ya 2016, ule msimu wa kwanza kabisa wa Women's WorldTour, yaani mfululizo wa mbio kubwa za baiskeli za wanawake, kuna kitu hakiniingii akilini. Lizzie Armitstead alishinda Strade Bianche iliyofungua msimu Machi 5, akashinda Trofeo Alfredo Binda, akashinda Tour of Flanders, halafu Juni akabeba Women's Tour kule Uingereza. Mbio 4 hizo. Megan Guarnier ana 3, yaani California, Philadelphia na Giro Rosa ya Italia. Sasa taji la msimu mzima likaenda kwa Guarnier, na wote wako timu moja, Boels–Dolmans! Hivi mtu ambaye ni bingwa wa dunia na ameshinda nyingi kuliko wote alitakiwa afanye nini tena?

GiaNdogo
Mkuu taji halihesabu umeshinda mara ngapi, linahesabu pointi, na pointi hapati wa kwanza peke yake, wa tatu anapata, wa kumi anapata. Na kuna jambo kubwa lilibadilika mwaka ule ambalo watu wanalipita juu juu. Kabla yake kulikuwa na World Cup ya wanawake, 1998 mpaka 2015, na ile ilikuwa mbio za siku moja tu basi. Armitstead ndiye aliyebeba World Cup mbili za mwisho, 2014 na 2015, ile staili ilikuwa imemkaa vizuri sana. 2016 UCI, chama cha baiskeli cha dunia, wakaleta WorldTour, mashindano yakafika 17 na mbio za siku nyingi zikaingia kwenye hesabu kwa mara ya kwanza: Chongming kule China, California, Women's Tour, Giro Rosa. Ukienda vizuri huko unaokota pointi kwenye hatua, yaani mbio ya kila siku, na kwenye msimamo wa jumla pia. Guarnier alichukua mbili kati ya hizo nne. Halafu hata alipokosa ushindi alikuwepo, mfano La Flèche Wallonne aliyoshinda Anna van der Breggen, Guarnier alikuwa wa tatu.

Tena Giro Rosa haikuwa mteremko. Siku ya Mortirolo Mara Abbott aliondoka zake kwenye ule mlima akashinda hatua na kuvaa jezi ya pinki ya anayeongoza, mtu mwingine angepaniki pale lakini Guarnier alitulia, akaja akaipata jezi na kumaliza nayo, huku Evelyn Stevens mwenzake wa timu akiwa wa pili na van der Breggen wa tatu. Mtu anayeweza kushinda pale na bado akashinda Philadelphia, mbio ya siku moja inayoishia kwenye kile kilima kifupi kikali cha Manayunk, huyo ndo mwendeshaji wa msimu mzima kwa maoni yangu.

DadaPeloton
Kwenye pointi nakubaliana na wewe kaka, lakini kwa moyo wangu ushindi mkubwa wa mwaka ule ni wa Armitstead pale Flanders. Walibaki wawili yeye na Emma Johansson mpaka Oudenaarde mbio inapoishia, wakaanza sprinti, na walivuka mstari karibu sawasawa hata kwenye televisheni huwezi kusema nani, tairi la Armitstead lilitangulia kidogo sana. Kushinda Flanders ukiwa na jezi ya ubingwa wa dunia! Hiyo kwangu ina uzito kuliko jedwali lolote. Na tusimsahau Chantal Blaak, timu hiyohiyo, alichukua Ronde van Drenthe na Gent–Wevelgem. Ukiwa mpinzani mwaka ule unamfuata nani sasa, maana ukimbana Armitstead anaondoka Blaak, ukimkimbilia Blaak Guarnier amekaa nyuma yako anapumzika.

Spoku36
Nyie mnaongelea pointi mimi nataka niseme la hela na kuonekana. Jina lilikuwa WorldTour kama la wanaume lakini mshahara wa chini kwa wanawake haukuwepo, ulikuja 2020, euro 15,000 kwa mwaka kwa timu za daraja la juu. Na hiyo Giro Rosa mnayoisifia haikuonyeshwa laivu, siku 10 za kazi ngumu namna ile watu wanasubiri matokeo na vipande vya video. Ilikuja kushushwa kwenye WorldTour msimu wa 2021 kwa sababu hiyohiyo ya kukosa matangazo laivu. Inaniuma kwa kweli, taji la kwanza liliamuliwa kwenye milima ambayo mashabiki hatukuiona.

Mpanda_Vilima
Asanteni sana, GiaNdogo nimekuelewa hapo kwenye mbio za siku nyingi. Spoku36 hilo la laivu nilikuwa silijui. Swali moja tu la nyongeza, upande wa vijana nani alichukua?

GiaNdogo
Kasia Niewiadoma wa Poland, kipindi hicho yuko Rabo-Liv pamoja na van der Breggen. Alikuwa wa pili pia kwenye ile Strade Bianche ya ufunguzi, nyuma ya Armitstead. Ndo huyohuyo aliyekuja kushinda Tour de France Femmes 2024 kwa tofauti ya sekunde 4 mbele ya Demi Vollering. Ile hatua ya mwisho ya Alpe d'Huez itafute uione mkuu, ipo yote.