MJADALA: Masala ya mama wa mtaani yakiwa mabaya, tuseme hadharani au tumfate inboksi?

Mwanzisha mada, Kikwajuni:
Assalaam alaykum wana jamvi. Hili nataka tulijadili bila matusi. Siku hizi kila mtaa kuna mtu anauza masala ya mishkaki, sosi ya ukwaju, chatne ya embe, pilipili ya kupaka kuku, wengi ni akina mama na vijana wanapika nyumbani wanatia kwenye chupa wanabandika stika, na hapohapo maduka nayo yanaleta zile sosi za kuchomea za Marekani na makopo ya viungo na mabrashi na makoleo. Watu wananunua, wanachoma, wanapost. Ikiwa ni ya Marekani mtu anaiponda mpaka basi na hakuna anaesema neno. Ikiwa ya mama wa Jang'ombe ukisema tu chumvi imezidi unaambiwa una husda, unafanya ghiba, unamkatia mwenzio riziki, kwani inboksi hukuiona? Matokeo yake bidhaa zetu zote ni "mashallah tamu sana" na emoji za moto, mnunuzi hajui kipi ni kipi.

Mie msimamo wangu, kilichouzwa hadharani kisemwe hadharani, cha mama na cha Marekani kwa mizani moja. Lakini iwe mizani kweli, maana nusu ya rivyuu nnazoziona ni dhulma tupu. Kuna mtu kaipa sosi moja ya Marekani nyota moja, kisa "inaungua na inakuwa chungu". Nikaangalia video yake, kaipaka kuku mbichi toka mwanzo kisha kamtia juu ya seredani mkaa mwekundu unaangaza. Sosi zile za mtindo wa Kansas City zimejaa sukari, molasi na tungule, na sukari ikifika nyuzi 160 hivi inaanza kugeuka rangi, ikizidi kidogo tu imeungua, na wavu juu ya mkaa ule unapita hapo mapema sana. Wenyewe kule wanaipaka mwishoni kuku keshaiva. Angenunua ya mashariki ya Carolina ya Kaskazini, ambayo ni siki na pilipili, wala asingeona tabu hio. Mwengine kaiponda sosi nyeupe ya Alabama eti "hii mbona kama mayonezi". Ni mayonezi ndugu yangu! Mayonezi, siki na pilipili manga, mtindo wa Bob Gibson wa Decatur aliefungua mkahawa wake 1925. Nyota moja hizo ni za mchomaji, sosi haina kosa.

Muuza masala, Jang'ombe:
Waalaykum salaam kaka. Mie ni katika hao akina mama unaowasema kwa hio nisikilize na mie. Kampuni ya Marekani ina maabara, ina wanasheria, ina watu wa kujibu komenti asubuhi mpaka jioni, mie nna sufuria, mashine ya kusagia na watoto wa kunisaidia kufunga pakti. Hio mizani moja unayoisema haitubebi sawa. Kuna mtu alinunua masala yangu akaandika "hayana ladha hata kidogo, pesa imepotea". Pakti imeandikwa wazi HAINA CHUMVI, TIA MWENYEWE. Hakutia! Nyama bila chumvi hata ungeipaka karafuu za Pemba nzima itakuwa na ladha gani? Nikamuandikia kwa adabu, akaifuta ile posti lakini watu washaona washasambaza, na oda zikarudi nyuma. Kungekuwa na ubaya gani kuniuliza kwanza?

Na nikwambie kwa nini sitii chumvi. Geuza kopo la viungo vya kuchomea vya nje usome nyuma. Utaratibu wa lebo ni kuwa kilicho kingi kwa uzito kinatajwa mwanzo, sasa angalia mengi yao mwanzo pana nini. Chumvi, kisha sukari. Unanunua chumvi kwa bei ya mdalasini. Yangu mwanzo ni pilipili manga, kisha uzile, tangawizi, thomu iliyokaushwa. Hili hakuna rivyuu iliyolisema, wote wanasema "ya nje imekolea". Itaachaje kukolea?

Kijana wa Wete:
Yakhe pole kwa yaliyokufika, lakini dawa yake si kunyamazisha watu. Hii ya kusema kukosoa ni ghiba imekuwa ngao ya kila mwenye bidhaa mbovu. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula akatia mkono ndani, vidole vikakuta majimaji, akamuuliza mwenyewe hii nini, akajibu imepigwa na mvua. Akamwambia kwa nini hukuiweka juu watu waione, anaeghushi si katika sisi. Ilikuwa sokoni, mbele za watu. Wanazuoni nao wametaja pahala ambapo kumsema mtu kunaruhusika, na kutahadharisha wengine ni pamoja.

Bi mkubwa, Chake:
Mwanangu wa Wete umeisoma vizuri ila umeirukia katikati. Alimuuliza mwenyewe kwanza. Tena aliingiza mkono mwenyewe, hakusikia kwa mtu. Nyie mnaonja kwa kijiko jikoni kwa shoga yenu mnaenda kuandika.

Kijana wa Wete:
Bi mkubwa hapo umenikamata shikamoo 😂 ila aliuliza palepale sokoni, si inboksi.

Mchomaji, Forodhani:
Mnazungumza dini na riziki lakini ugonjwa mwengine hamjautaja, vya bure. Wale wanaosifu kila chupa hawajanunua hata moja, wamepelekewa na boda mpaka mlangoni. Sikatai zawadi, mtu akileta pokea, lakini mstari wa kwanza kabisa sema "hii nimepewa". Marekani FTC, tume yao ya biashara, inataka aliepewa kitu au pesa aseme wazi, na 2024 wakatoa kanuni nyengine ya kupiga marufuku rivyuu za uwongo na za kununuliwa, Uingereza nao toka Aprili 2025 wana sheria ya hivyohivyo. Sie hapa tunasema "ahsante dear kwa zawadi" chini kabisa baada ya hashtegi ishirini, nani anafika huko.

La pili, hamsemi nyama gani. Mie kazi yangu moto na nongwa yangu ni hii, mtu anaroweka nyama kwa papai bichi usiku kucha, papai lile linavunja nyuzi za nyama, mshkaki unatoka laini kama sponji halafu sifa zote anapewa mwenye masala "yanalainisha ajabu". Hajalainisha yeye, papai limefanya kazi. Ukitaka kuyapima masala chukua kipande kimoja cha nyama kigawe, nusu paka masala, nusu tia chumvi na ndimu tu, moto uleule, wape watu waonje bila ya kuwambia ipi ni ipi. Wakishindwa kutofautisha basi rivyuu yako ishakwisha, huna haja ya maneno mengi. Na useme umetumia mkaa wa nini na umbali gani, mana mkaa wa vifuu vya nazi hauwaki kama wa mti.

Fundi, Mkoani:
Mie nazungumzia vifaa tu mana hivi ndo hamvigusi. Rivyuu ya wavu au koleo siku ya kulifungua boksi haina maana yoyote kwa mtu wa kisiwani. Hewa yetu ya chumvi, weka nje uone kutu. Mtu wa Texas ndani huko mbali na bahari kakwambia unadumu, kwake unadumu. Brashi za waya ndo msizisifu kabisa, nyuzi zinakatika zinabaki kwenye wavu zinaingia kwenye nyama, watu wameshafanyiwa upasuaji kwa hilo. Ukiandika rivyuu ya brashi sema kama waya zinang'oka. Na kipimajoto usikiandikie kitu kabla hujakijaribu, barafu iliyopondwa na maji kidogo kisome 0, maji yanayochemka kisome 100 kwa vile sie tuko usawa wa bahari. Kikikosea nyuzi kumi, kuku unaedhani amefika 74 bado mbichi mfupani. Basi.

Mama wa watoto wanne, Mwanakwerekwe:
Na halali je? Nimenunua sosi duka kubwa la watu, chupa nzuri, nimefika nyumbani kijana wangu anasoma ananambia mama hii imeandikwa bourbon. Kumbe kwa wenyewe ni kitu cha kawaida, ladha ya wiski. Rivyuu nlizoziona kabla ya kununua zote za kwetu hapahapa na hakuna hata mmoja kataja. Mtu anaandika aya nzima kuhusu moshi na utamu, hili hakuliona? Kwangu hilo linakuja kabla ya ladha.

Kijana wa Wete:
Dada umesema kweli, na ndo maana nasema isiwe inboksi. Ungesubiri mwenye duka ajibu watu wengapi washakula?

Mwanzisha mada, Kikwajuni:
Hapa naomba tutenganishe. Ladha ni jambo moja na usalama ni jengine, wala rivyuu haitoshi kwa usalama. Mwaka 2005 Uingereza waliondoa mamia ya bidhaa madukani kwa sababu ya unga wa pilipili uliotiwa Sudan 1, rangi ya viwandani si ya chakula, ukaingia kwenye sosi na sosi ikaingia kwenye vyakula vyengine, na watu walikuwa wanakula wanasifu. Ulimi hauioni ile. Chupa imevimba, ina ukungu, haina tarehe, hio peleka ZFDA, wakala wa chakula na dawa Zanzibar, kwa wenye kazi yao, usibaki unagawa nyota. Lakini chumvi nyingi, ukwaju mchachu, hio ni yetu walaji na nasema isemwe wazi.

Muuza masala, Jang'ombe:
Haya kaka tukubaliane hivi basi. Ya afya na ya haramu sema saa hiohio, sikuzuii, hata ikiwa yangu. Ya ladha niulize kwanza, nipe siku nijibu, kisha andika na jawabu langu uliweke. Hapo hujanificha na hujaniua.

Mchomaji, Forodhani:
Na ukiulizwa usijibu? Mana wako wanaofuta komenti wanablok watu.

Muuza masala, Jang'ombe:
Nisipojibu andika. Tena weka na tarehe ya kusagwa ilioko kwenye stika, mana ya mwezi huu si ya mwezi uliopita, pilipili manga zenyewe hazifanani kila nikinunua.

Bi mkubwa, Chake:
Na nyota umpe ngapi?

Muuza masala, Jang'ombe:
Nyota sizitaki bi mkubwa. Aandike kachoma nini, kapaka lini, na chumvi katia au hakutia.