Walinzi wa msitu wa kujitolea tumegeuzwa vibarua wa bure

Ndugu wanajukwaa,

Naandika kwa hasira na sioni sababu ya kuificha. Sisi tunaoishi kandokando ya msitu wa Mau, upande wa Nakuru, ndio tunaofanya doria usiku na kupalilia miche, na moto unapozuka wakati wa kiangazi ndio tunaotangulia kufika, tukiwa na mapanga na matawi mabichi tu. Buti hatuna, na anayeumizwa na wachoma makaa hutibiwa kwa mchango wa majirani. Hayo tuliyakubali, kwa kuwa hatukulazimishwa na mtu, na tunajua Mto Njoro unatoka wapi.

Tusilolikubali ni hili. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, katika kifungu cha 49, inakitwika chama cha jamii cha msitu, kama hiki chetu, wajibu wa kulinda msitu, kuripoti ukataji haramu na kusaidia kuzima moto. Kifungu hichohicho kinaruhusu wanachama wapewe haki ya kuokota kuni, kurina asali, kuchuma dawa za miti shamba na kulisha mifugo, mradi uhifadhi usidhurike. Kwetu wajibu unatekelezwa kila wiki, lakini haki zimefungiwa kabatini mwa katibu. Mama aliyeshinda kitaluni akijaza udongo, kesho yake anakamatwa kwa mzigo wa kuni kavu, na hakuna mwanakamati hata mmoja anayejitokeza kumtetea.

Kinachoniudhi kupita vyote ni vipande vya mfumo wa shamba, ambamo mkulima hupanda viazi au mahindi katikati ya miche kwa miaka michache, huku akiitunza, mpaka miti itakapofunga kivuli. Vilipogawanywa, majina yetu hayakuwamo. Wamepewa jamaa za viongozi, baadhi yao wakazi wa mjini wasiowahi kushika jembe, nao sasa wanatukodishia sisi! Kisha tunaitwa wavivu tukikosa doria.

Tunataka mkataba wa usimamizi, yaani makubaliano kati ya chama na Shirika la Misitu la Kenya (KFS), usomwe barazani, pamoja na orodha ya waliopewa vipande na hesabu ya ada zetu za uanachama. Mwenyekiti ameahirisha mkutano mkuu mara kadhaa, kila mara kwa kisingizio kipya. Je, ninyi wa Kakamega na Mlima Elgon, vyama vyenu viliwahi kuwasomea mkataba, na mliwashurutisha vipi viongozi wakautoa?