Benki imenikata 98,000 wikiendi moja, naombeni ushauri kabla ya Alkhamisi

Bint_Ole (mwanzisha uzi)
Asalaam alaykum wana jukwaa. Mie ni mwalimu wa skuli huku Pemba, mshahara wangu unapitia benki moja hivi, jina siitaji. Ijumaa jioni nilikuwa na 212,000 kwenye akaunti, nimeiona kwa macho yangu kwenye simu. Jumatatu alfajiri meseji zinaingia mfululizo mpaka mtoto kaamka, naangalia salio naona –98,000. Yaani si sifuri, ni chini ya sifuri! Wamenikata elfu tisini na nane kwa wikiendi moja. Nataka kujua vitu viwili tu, nikienda tawini nianzie wapi, na vipi nitauhamisha mshahara kwenda benki nyengine bila ya wao kunizuia. Naomba ushauri wa haraka maana Alkhamisi nna jambo.

Mzee_wa_Kiuyu
Waalaykum salaam mwanangu. Mie pesa yangu ya karafuu nikishalipwa na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, haifiki magharibi, imeshakuwa bati au simenti au ng'ombe. Msimu mmoja nikajifanya mjanja nikaitia benki nipumzike. Nakwenda baada ya miezi minane naikuta imepungua, namuuliza yule kijana dirishani, jee mna panya humu? Akanambia hiyo ni ada ya uendeshaji mzee. Uendeshaji wa nini, pesa imekaa pale pale nilipoiacha haijaendeshwa popote!

Chwaka_Boy
Hahaha mzee umenimaliza. Haijaendeshwa popote 😂😂

Shoga_Jangombe
Pole shoga angu. Ila Alkhamisi una jambo gani?

Mswahili_Ohio
Poleni ndugu. Huku Marekani huo mchezo ni wa zamani sana, benki zilikuwa zinapanga miamala kuanzia mkubwa kwenda mdogo ili akaunti ikauke mapema, halafu kila kidogo kinachofuata kinapigwa faini, mara nyingi dola 35. Mie nilinunua kahawa ya dola 4 ikanigharimu 39, mpaka leo nikipita pale moyo unanidunda. 2010 jaji Alsup wa San Francisco aliwaamuru Wells Fargo wawarudishie wateja wao wa California dola milioni 203 kwa sababu ya kupanga hivyo hivyo. Mwaka ule ule ikaanza kanuni kwamba kwenye ATM na manunuzi ya kadi wasikutoze mpaka uwe umekubali mwenyewe. Disemba 2024 CFPB, wakala wa serikali wa kuwalinda wateja wa huduma za fedha, wakapitisha kwamba benki kubwa zishushe mpaka dola 5, kanuni haijaanza hata kutumika 2025 Congress, yaani bunge la huku, wakaifuta. Kwa hiyo dada tafuta wakili, fungueni kesi ya pamoja.

Chwaka_Boy
Sheikh, Ohio na Wete wapi na wapi. Wakili wa kesi ya elfu 98 atalipwa kwa pweza?

Nilikaa_Dirishani
Nimefanya kazi benki miaka sita, naomba niulize. Dada, ulikuwa na 212 na sasa upo –98. Hapo imetoka 310,000, haiwezi kuwa makato matupu. Andika kila kitu ulichotumia tangu Ijumaa, kwa mpangilio uliotumia wewe, halafu kwa mpangilio uliomo kwenye meseji za benki. Na jee, ulijaza fomu ya ovadrafti, ile ya kuruhusu akaunti iende chini ya sifuri? Maana akaunti ya kawaida ikiisha pesa muamala unagoma tu, hauendi chini ya sifuri.

Bint_Ole
Fomu nilijaza ndio lakini kaka si kwa kutaka. Afisa mikopo alikuja skuli wakati wa mapumziko, kaja na fulana na kalamu, walimu wote chumba kizima tukasaini, akasema ni huduma ya dharura tu mshahara ukichelewa. Nani alisoma? Karatasi imeandikwa herufi kama chawa.

Nilivyotumia mie:
Ijumaa usiku bando 8,000
Ijumaa usiku umeme wa tukuza 15,000
Jumamosi nimemtumia mwanangu yuko chuo SUZA 20,000
Jumamosi dawa 12,000
Jumamosi tikiti ya boti ya mdogo wangu 35,000
Jumapili mkopo wa friji unajikata wenyewe kila tarehe 15, 190,000

Nilijua friji itakatwa lakini kulikuwa na posho ya kusimamia mtihani tuliambiwa itaingia Ijumaa na haijaingia mpaka leo.

Wao Jumatatu wameandika hivi: friji 190,000 mwanzo. Halafu boti 35,000. Halafu 20,000, 15,000, 12,000, 8,000. Na kila moja katika hizo tano ndogo imefuatiwa na meseji ya 6,000 "ada ya ovadrafti". Hata bando la elfu nane limepigwa elfu sita!

Nilikaa_Dirishani
Ahsante, sasa tunaongea. Tupige hesabu.

Kwa mpangilio wako vidogo vyote ni 90,000, unabaki na 122,000, halafu friji inakupeleka –68,000. Umevuka sifuri mara moja, ada moja, 6,000. Kwa mpangilio wao friji imepita kwanza ukabaki na 22,000, tikiti ya boti ikakushusha –13,000, na kuanzia hapo kila kinachokuja kinakukuta chini. Ada tano, 30,000. Shimo ni lile lile la 68,000 ila wewe umelipia kuliingia mara tano.

Kwa hiyo unachowadai kwa haki ni 24,000. Ile 68 umetumia mwenyewe dada, usiende kule ukasema umeibiwa 98, watakucheka na hiyo 24 hutaiona.

Bint_Ole
Sawa lakini kama posho ingeingia yote haya yasingekuwepo.

Karafuu_Mbichi
Mbona mnazunguka mbuyu, hii kitu inaitwa riba. Al-Baqara aya ya 275, Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na ameharamisha riba, kwisha. Mtu anakukopesha elfu nane anataka elfu kumi na nne. Benki zenye dirisha la Kiislamu zipo, mie nimehamia benki nyengine yenye hilo dirisha mwaka wa tatu huu na sijaona upuuzi kama huo. Mwalimu hamisha mshahara wako leo.

Bint_Ole
Barakallahu fik, hilo ndilo ninalolitaka khasa. Fomu nimeshaichukua kwa mwalimu mkuu bado kusaini tu.

Nilikaa_Dirishani
Usihame na deni juu. Na huo mkopo wa friji si uko kwa hao hao? Hawatakupa barua ya kukuachia mpaka uumalize.

Shoga_Jangombe
Mie nasubiri jibu langu la Alkhamisi. Shoga, –98 si kitu cha kumnyima mtu usingizi, posho ikiingia inajiziba. Wewe unaogopa kitu chengine.

Bint_Ole
Sio kwamba naficha. Nilidhani halihusiani.

Mie ni kijumbe wa mchezo, yaani mie ndiye ninayekusanya pesa za kupokezana kwa zamu. Tuko wanawake kumi, hamsini hamsini, na Alkhamisi ndio siku ya kutoa. Jumatatu jioni nilikusanya zote, laki tano, nikaogopa kulala nazo ndani maana mume wangu yuko dago kuvua na nyumba yetu mlango wa nyuma haufungi vizuri, nikazitia benki kwa wakala. Hapo hapo ikaja meseji salio lako ni 402,000.

Chwaka_Boy
Inna lillahi.

Shoga_Jangombe
Yaani umeziona meseji za alfajiri kwamba akaunti iko chini ya sifuri, na jioni ukaenda ukatia pesa za watu mle mle?

Bint_Ole
Nilidhani watakata mwisho wa mwezi kwenye mshahara kama walivyosema! Afisa alisema "mshahara ukiingia". Hajasema pesa yoyote ikiingia.

Shoga_Jangombe
Na zamu ya nani Alkhamisi?

Bint_Ole
Ya mamamkwe.

Mzee_wa_Kiuyu
Laa ilaaha illa llah. Mwanangu uza friji.

Bint_Ole
Nicheke nilie. Lakini msinione mjinga, nimeshapanga. Kuna app ya mkopo kwenye simu nimeomba 98,000 jana usiku, wameshanikubalia nasubiri iingie, ninajaza pengo, Alkhamisi natoa mchezo kamili, posho ikiingia narudisha, hakuna anayejua. Siku saba tu.

Nilikaa_Dirishani
App gani? Ina leseni? 2024 BoT, Benki Kuu, walitoa orodha ya app 69 za mikopo zisizo na leseni. Hizo ndizo zinazochukua namba zote kwenye simu yako, ukichelewa siku moja wanampigia mwalimu mkuu, wanampigia na huyo mkweo. Kausha damu ile. Umetoka kulalamikia elfu sita unakwenda kukopa huko?

Bint_Ole
Sijui kama imo. Sasa ulitaka nifanyeje, nimwambie mkwe pesa yako ya bati nimelipia bando? Nyie hamumjui. Mwaka jana sufuria yake ilirudi na kovu la ukoko akaisimulia kwenye harusi mbili.

Mchunguzi_Tabata
Samahani kwa kuharibu sherehe. Nimeusoma uzi wote na nasema hii stori ni ya kutunga. Kwanza miamala ya simu inakatwa papo hapo, haiwezi kukaa tangu Ijumaa ikasubiri Jumatatu. Pili mleta uzi alianza na makato ya 98, baadae ikawa 30, sasa tunaambiwa anayedai ni mkwe, kesho tutaambiwa mkwe ndiye meneja wa tawi. Tatu, angalieni Bint_Ole na Karafuu_Mbichi, wote wanaandika "nyengine" na "khasa" na "mie". Mmoja anauliza mwengine anajibu hamia benki yenye dirisha la Kiislamu. Hili ni tangazo, ID mbili mtu mmoja.

Karafuu_Mbichi
Mie khasa neno "khasa" sijaliandika humu mpaka sasa hivi. Soma vizuri. Na mbona na wewe umeandika "mwengine"?

Chwaka_Boy
Bwana Tabata huku sote tunasema nyengine!! Sensa ya 2022 ilituhesabu tukakaribia milioni moja na laki tisa kumbe ni mtu mmoja ana ID nyingi 😂😂😂

Mzee_wa_Kiuyu
Na mie ni Bint Ole. Ndevu hizi ni za kazi.

Mchunguzi_Tabata
Chekeni. Swali la kwanza halijajibiwa.

Nilikaa_Dirishani
Hapo Mchunguzi ana hoja, nami lilikuwa linanisumbua. Bint_Ole, wiki iliyopita benki walituma meseji yoyote ya maboresho ya mfumo?

Bint_Ole
Ndio! Alkhamisi iliyopita, kwamba kuanzia Ijumaa saa nne usiku mpaka Jumapili usiku huduma zinaweza kusumbua. Ila hazikusumbua, kila kitu kilikuwa kinapita.

Nilikaa_Dirishani
Basi ndiyo hiyo. Mfumo mkubwa ukizimwa kuna mfumo wa akiba unapitisha miamala kwa salio la mwisho lililojulikana, halafu mkubwa ukiwaka vyote vinaingizwa kwa mkupuo. Hapo ndipo mpangilio unapoamuliwa na mashine, maagizo ya mikopo mara nyingi yanatangulizwa. Ina maana wikiendi nzima simu yako ilikuwa inakuonesha 212,000 ile ile bila kupungua. Hukuliona hilo?

Bint_Ole
Nililiona.

Nilisema labda benki wamesahau.

Shoga_Jangombe
HAHAHAHAHA. Shoga ndiyo maana ikaja tikiti ya boti!

Mchunguzi_Tabata
Hiyo sasa nimeiamini. Hilo mtu hatungi.

Nilikaa_Dirishani
Haya. Kesho nenda tawini, omba stetimenti iliyopigwa muhuri, andika barua ukurasa mmoja. Usitaje mkwe, usitaje mchezo. Sema tarehe na saa za miamala yako unazo kwenye risiti na meseji, waombe ada nne za 6,000 zirudi kwa kuwa kuchelewa kuingiza ni kwao. Kopi yako igongwe "imepokelewa". Wakikuzungusha ndipo unapeleka BoT, wana tawi Unguja, na kuna kanuni za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Lakini lazima uwe umeanzia kwao.

Chwaka_Boy
Benki kuu jambo la Muungano hilo. Elfu 24 ya friji ya Wete mpaka serikali mbili zikae 😂

Bint_Ole
Alkhamisi usiku, narudi kuwapa mrejesho.

Jana nimekwenda. Namba yangu 64 wako kwenye 31. Barua wamepokea wamegonga muhuri, wamesema nisubiri watanipigia. Yule dada alikuwa mpole, ameitazama ile safu ya elfu sita sita akatikisa kichwa lakini hakusema kitu. Nimetoa laki nne dirishani ikabaki elfu mbili. Hiyo elfu mbili imekatwa kuwa ni ada ya kuchapa stetimenti. Stetimenti ya kuonesha walivyonikata.

Na ile app, niliomba 98,000 imeingia 84,000. Eti ada wanachukua mwanzo. Nirudishe 98 kamili wiki ijayo.

Kwa hiyo leo nimekwenda kwa mkwe na 484,000. Alikuwa jamvini anachambua mchele. Akazipokea, akatema mate kwenye kidole akazihesabu, akazipanga mafungu ya elfu kumi kumi, akazihesabu tena kuanzia mwisho. Akanambia elfu kumi na sita iko wapi. Nilikuwa nimeandaa maneno, yote yakapotea, nikamwambia kila kitu mpaka lile bando.

Hakupiga kelele. Akarudi kwenye mchele wake. Baada ya muda akasema hiyo kumi na sita utanipa posho yako ikiingia, na kuanzia mwezi ujao kijumbe ni mie, nyie mukusanye muniletee hapa, mie pesa zangu nnazifunga kwenye khanga.

Mzee_wa_Kiuyu
Huyo mama yuko wapi, namuulizia ndugu yangu.

Shoga_Jangombe
Kovu la sufuria lilisimuliwa harusi mbili, hili nakuhesabia nne.

Nilikaa_Dirishani
Dada, posho ikiingia lipa app kwanza kabla ya mkwe. Na nambari ya simu ya mkwe ifute kwenye simu yako usiku huu huu.

Bint_Ole
Nishachelewa. Wamempigia mchana, wanafanya uhakiki wa mdhamini. Kumbe alishajua kabla sijafika.