Tupeane uzoefu: Ratiba ya futiboli ya vyuo Marekani inavyotupangia Jumamosi

Mkazi wa Coralville

Wakuu habari za wikendi.

Naanzisha huu uzi maana kila mwaka ratiba ya msimu ikitoka najikuta na karatasi mbili kwenye mlango wa friji, moja ya shifti zangu na nyingine ya Iowa Hawkeyes, timu ya Chuo Kikuu cha Iowa, na hazipatani hata kidogo. Naongelea ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mkononi, na naongelea ule wa vyuo, sio NFL, ile ligi ya kulipwa. Nilipofika Iowa nikitokea Kigoma sikuuelewa kabisa, nilikuwa naona watu wazima wanagongana tu, mpaka mwanangu alivyoanza shule na kurudi nyumbani na jezi nyeusi na njano ndo nikaanza kukaa naye kwenye kochi ananielekeza, sasa ana miaka 14 na Jumamosi ya Hawkeyes ndo siku yetu mimi na yeye.

Shida iko hapa. Tarehe ya gemu unaijua miezi kadhaa kabla ila saa huijui. Saa wanachagua watu wa televisheni, mara nyingi siku 12 kabla ya gemu, na kuna wakati wanasubiri hadi zibaki siku 6. Kwa saa za huku inaweza kuwa saa tano asubuhi, inaweza kuwa saa nane na nusu mchana, inaweza kuwa jioni. Mimi kiwandani naingia saa nane mchana na ofu inaombwa wiki tatu kabla. Hesabu haikubali.

Mwaka jana, tarehe 8 Novemba 2025, Oregon walikuja Kinnick Stadium, uwanja wa Hawkeyes. Ofu nilikuwa nimeimalizia kwenye gemu nyingine, hii ikapangwa mchana, saa yangu ya kazini kabisa. Mtoto akaenda na jirani, mvua inanyesha siku hiyo hatari. Nilivyopata brek ya nusu saa nikakimbilia kwenye gari pakingi, nikawasha redio, nikaacha waipa zinafanya kazi maana nilikuwa naangalia geti la kiwanda nisichelewe kurudi. Iowa wakaenda mbele 16-15 zimebaki kama dakika mbili. Nikapiga usukani kwa furaha. Halafu Oregon wakashuka uwanja mzima, zikiwa zimebaki sekunde 3 wakapiga teke la pointi tatu, 18-16, basi. Nikarudi kwenye laini yangu nimenyamaza. Mtoto kanitumia picha moja tu, koti lake limelowa na uwanja umejaa watu wamesimama, hakuna aliyeondoka. Ile picha bado ninayo.

Sasa tupeane uzoefu. We unazipangaje Jumamosi zako? Timu yako ikibadilisha kochi unapokeaje? Na msimu huu wa 2026 unasubiria gemu gani?

Mama Furaha

Mimi ni mama wa Bukavu, niko Iowa City, na futiboli siijui vizuri lakini nitasema yangu.

Furaha wangu alilazwa pale hospitali ya watoto ya chuo, ile ndefu inayotazama uwanja. Tulikuwaka pale wiki nyingi. Jumamosi moja nesi akaja akasema mama, tumpeleke mtoto juu ghorofa ya 12, kuna gemu. Mimi nikafikiri ni kumuonyesha tu mpira, nikamfunga blanketi, tukasukuma kile kitanda na mashini zake tukapanda. Pale juu kuna madirisha makubwa na watoto wengine wako pale na wazazi wao. Tukaangalia, mimi sielewi nani anashinda. Halafu robo ya kwanza ikaisha na mchezo ukasimama, na watu wote wa ule uwanja, wanasema ni karibu elfu 70, wakageuka. Wote. Na wachezaji, na wa timu ingine, na marefa. Wakapunga mikono kwetu juu. Furaha alikuwa na sindano ya dripu mkono wa kulia, akapunga na wa kushoto. Siku tatu alikuwa hajasema neno, akasema "Maman, wananiona."

Walianza hii mambo 2017 na wanafanya kila gemu ya nyumbani. Kwa hiyo nyinyi mukigombana juu ya ratiba, mimi naangalia kitu kimoja tu, gemu ngapi zitakuwa hapa nyumbani. Gemu ya usiku ni nzuri pia maana watu wanawasha taa za simu na uwanja unakuwa kama nyota. Lakini ikichelewa sana wadogo wanakuwa wamelala.

Furaha yuko nyumbani sasa, ana miaka 7, Mungu asifiwe. Anasema anataka safari hii aende chini, apunge yeye.

Mkazi wa Coralville

Mama Furaha nimesoma nikasimama kwanza. Mwanangu nimemsomea pia. Asante sana mama.

Dogo wa Uvira

Niko Lexington, Kentucky, Waswahili tuko wengi huku, ukienda dukani utasikia Kiswahili kila kona.

Kwenye swali la makocha nina la kusema. Mark Stoops alikuwa kochi wa chuo cha Kentucky hapa misimu 13. Watu wengi huku ni wa basketi kwanza, futiboli ilikuwa ya kupitishia muda mpaka basketi ianze, yeye ndo alifanya watu waanze kujaza uwanja wetu wa Kroger Field kwa matumaini. Florida walikuwa wametufunga miaka 31 mfululizo, fikirieni, kuna mtu amezaliwa, amesoma, ameoa, hajawahi kuona Kentucky wakiwafunga Florida. Mwaka 2018 tukawafunga kwao kwenyewe 27-16. Nilikuwa na miezi michache tu Marekani, sielewi hata pointi zinahesabiwaje, ila wazee wa mtaani kwetu walilia na mimi nikajua hapa kuna kitu. Tangu siku hiyo nimekuwa wao.

Halafu mwisho wa msimu uliopita tukaenda Louisville tukapigwa 41-0. Hiyo ni gemu ya majirani, kazini kwangu nusu ni wa kule. Siku mbili baadaye kochi akaondolewa. Nakubali muda ulikuwa umefika, ila nilisikitika kuona watu wanamtukana mtu aliyewatoa mbali vile. Mtu akikulimia shamba miaka 13, mwaka mmoja mvua ikakataa, unamuaga kwa heshima.

Sasa tuna Will Stein, kijana aliyekuwa anapanga mashambulizi kule Oregon, yeye mwenyewe ni mtoto wa Louisville na alikuwa kotabeki wao, yule anayerusha mpira. Nampa muda. Wasiwasi wangu ni ratiba, maana kuanzia msimu huu wa 2026 SEC, konferensi yetu, yaani kundi la vyuo tunaloshindana nalo, wanacheza gemu 9 za ndani ya konferensi badala ya 8, na kila timu imepewa wapinzani watatu wa kudumu, sisi tuna Florida, Tennessee na South Carolina. Ile gemu iliyoongezwa inachukua nafasi ambayo zamani tungemwita mnyonge tukachukua ushindi wetu. Ukihitaji ushindi 6 uende gemu za bowl, zile za heshima za mwisho wa msimu, hiyo moja ni nyingi sana kwa timu inayojengwa upya.

Hoosier wa Moshi

Dogo wa Uvira pole ila mimi sikubaliani kuhusu ratiba ngumu. Niko Bloomington, nafanya kazi jikoni kwenye chuo chenyewe cha Indiana.

2023 tulimaliza na ushindi 3 na vipigo 9. Kwa miaka mingi Indiana ilikuwa inatajwa kama timu yenye vipigo vingi kuliko zote za ngazi ya juu. Watu walikuwa wanakuja gemu, wanachoma nyama pakingi, robo ya pili wengi wameshaondoka, sisi jikoni tulikuwa tunajua tupike chakula kidogo baada ya mapumziko. Tarehe 30 Novemba 2023 wakamleta kochi Curt Cignetti kutoka chuo cha James Madison, mzee ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuongoza chuo chochote cha konferensi kubwa. Akaja na wachezaji wake, akaja na wasaidizi wake. Mwaka wa kwanza ushindi 11. Mwaka wa pili, gemu 16 ushindi 16, tukawafunga Ohio State 13-10 kwenye fainali ya Big Ten, konferensi yetu sisi na Iowa, na tarehe 19 Januari 2026 tukawafunga Miami 27-21, tena kwenye uwanja wao wa nyumbani, tukawa mabingwa wa nchi.

Na tulikuwa tunacheza gemu 9 za konferensi muda wote huo. Ratiba haikubadilika, kilichobadilika ni nani anaongoza, na aliyemwajiri aliona nini.

Usiku ule jikoni tuliweka simu juu ya mfuko wa unga tukaangalia watu sita. Mama mmoja wa hapa, amefanya kazi pale miaka zaidi ya 30, dakika za mwisho alitoka nje, akasema moyo hauwezi. Tukamfuata kumwambia imeisha tumeshinda, tukamkuta amekaa kwenye kreti ya maziwa kwenye baridi ile ya Januari, hana koti, anaomba.

Msee wa Kent

Niko Kent, Washington, kwetu ni Nakuru.

Yangu ni ya gemu iliyohamishwa. Mke wangu ana binamu alisomea Washington State kule Pullman, mimi niko na Huskies, timu ya Chuo Kikuu cha Washington. Kila mwaka, wiki ya Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani ya Novemba, hizo timu mbili zilikuwa zinacheza Apple Cup. Familia yote ilikuwa inakuja kwetu, chapati zinapikwa kutoka asubuhi, pilau, kuku, na gemu iko kwa TV. Watoto walikuwa wanajua Thanksgiving ni chapati na Apple Cup.

Kisha Pac-12, konferensi ya timu zetu zote mbili, ikavunjika. Agosti 2024 Washington, Oregon, USC na UCLA wakaenda Big Ten, ikawa timu 18, wengine wakaenda kwingine, kwa Pac-12 wakabaki wawili tu, Washington State na Oregon State. Hii yote ni pesa ya televisheni. Nashukuru hawa wetu walikubaliana Apple Cup isife, lakini imesukumwa mpaka Septemba. Binamu ako na kazi Septemba, shule zimefunguliwa, hakuna mtu anavuka milima saa hiyo. Mwaka wa 2024 tuliangalia kila mtu kwake, tukapigiana simu. Washington State walishinda 24-19 na yeye hata hakunichokoza. Hapo ndio nilijua tumepoteza kitu.

Na wiki mbili baadaye timu yangu ikapelekwa Rutgers, New Jersey, Ijumaa usiku. Hao vijana ni wanafunzi, wanavuka nchi nzima katikati ya wiki ya masomo. Ningekuwa mzazi wa mmoja wao singefurahi.

Arusha Hawkeye

Mimi nilisoma Iowa nikarudi nyumbani, na bado nafuatilia. Kwa wale waliorudi, ratiba ikipangwa saa tano asubuhi ya Iowa, huku ni saa moja jioni, raha tupu, familia imekaa mnakula mnaangalia. Ikiwa mchana inakuwa saa nne na nusu usiku. Ya jioni ndo mtihani, inaanza saa nane na nusu usiku, na Novemba wakirudisha saa nyuma inakuwa saa tisa na nusu. Naamka, nachemsha chai ya tangawizi, navaa earphone nisiamshe watu. Ikiisha naenda moja kwa moja misa ya kwanza.

Mkazi wa Coralville umeuliza kuhusu viongozi. Iowa sisi tuna Kirk Ferentz tangu 1999, nilimkuta na nikamuacha, na mwaka jana kampita Woody Hayes, kochi wa zamani wa Ohio State, kwa ushindi mwingi kuliko kochi yeyote wa Big Ten. Ila kwa maoni yangu uongozi wa kweli niliuona Oktoba 2023. Mtoto wake alikuwa ndo anaongoza mashambulizi na pointi hazipatikani, mpaka kwenye mkataba waliandika lazima wafikishe wastani wa pointi 25. Beth Goetz, akiwa bado anakaimu tu ukurugenzi wa michezo, akatangaza msimu ukiendelea kwamba huyu hatarudi mwakani. Kumwambia mzee wa miaka yote ile kuhusu mwanae, na mzee akabaki akaendelea kufanya kazi, na timu ikafika fainali ya konferensi. Ofisi nyingi ninazozijua hilo lingeshindikana kabisa.

Mwana Minneapolis

Mnaongelea Iowa bila nguruwe? Gemu ya Minnesota na Iowa inagombea sanamu ya shaba ya nguruwe anaitwa Floyd of Rosedale, ina karibu kilo 44. Nilidhani ni mambo ya wakulima tu mpaka nilipoambiwa chanzo chake. 1934 Iowa walikuwa na mchezaji mweusi, Ozzie Simmons, akaumizwa vibaya na wachezaji wa Minnesota mpaka akatoka. Mwaka uliofuata watu wa Iowa wana hasira, gavana wao akatoa maneno makali, gavana wa Minnesota ili kupoza akaweka dau la nguruwe. Damu ikageuzwa nguruwe, na jina la Simmons likabaki nyuma. Mimi kila nikiiona ile sanamu inabebwa namtaja kwa watoto wangu. Msimu huu gemu iko huku kwetu, karibuni.

Mkazi wa Coralville

Mwana Minneapolis hilo la Simmons nilikuwa silijui, nashukuru.

Majibu yangu sasa. Gemu ninayoisubiria ni dhidi ya Iowa State, chuo kingine cha hapa Iowa, Septemba, na safari hii iko kwetu Kinnick. Wao wana kochi mpya, Jimmy Rogers, maana Matt Campbell kaenda Penn State, na mwaka jana kwao walitufunga 16-13. Uzuri ni kwamba gemu za mwanzo wa msimu saa zake hutangazwa mapema, sio kama zile za Oktoba na Novemba. Nimeshaongea na mwenzangu wa shifti ya asubuhi, yeye ana harusi ya dada yake Oktoba, nitamshikia Jumamosi mbili na yeye atanishikia hiyo yangu. Bosi amesaini jana.

Mama Furaha, nina tiketi mbili, naulizia ya tatu na ya nne kwa watu wa kanisani. Kofia ya mtoto wa miaka 7 tunayo, mwanangu ameitoa kabatini ameiosha.