Wanawake wa uasi wa Pasaka 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza, Dublin: nani alikuwa chama gani?

Mpekuzi: Wakuu, naandaa makala ya wanawake katika harakati za uhuru wa Ayalandi. Inghinidhe na hÉireann, Cumann na mBan na Irish Citizen Army vinanichanganya. Navitenganishaje? Na Constance Markievicz, mwanamke maarufu wa uasi huo, nimweke wapi?

Kitasa: Anza na mwaka. Inghinidhe, chama cha wanawake wazalendo, ni ya 1900, ya Maud Gonne na wenzake. Gazeti lao Bean na hÉireann lilihaririwa na Helena Molony. Cumann na mBan, chama cha wanawake cha kuwasaidia Irish Volunteers (jeshi la hiari la wazalendo), ilizaliwa tarehe 2 Aprili 1914 Wynn's Hotel, Dublin, na Inghinidhe wakaingia humo kama tawi. Kwa hiyo mtu akiandika "Inghinidhe" kwenye mapigano ya 1916, anamaanisha tawi hilo.

Kisha angalia alipigania wapi. Citizen Army lilikuwa jeshi la wafanyakazi chini ya James Connolly, na wanawake walijiunga nalo moja kwa moja. Ndiyo maana Markievicz unamkuta St Stephen's Green akiwa ofisa, na Molony City Hall. Cumann na mBan walikwenda na vikosi vya Irish Volunteers: jikoni, huduma ya kwanza, kupeleka ujumbe na risasi. Boland's Mill usipoteze muda kuwatafuta, kamanda wa huko, de Valera, aliwakataa. GPO, yaani posta kuu iliyokuwa makao makuu ya waasi, ndiko penye mtego, maana wanawake wa makundi yote mawili walichanganyika.

BintiNyaraka: Naongezea: uanachama wa vyama viwili ulikuwa jambo la kawaida. Markievicz mwenyewe alikuwa pia Cumann na mBan, kwa hiyo andika "alipigana na Citizen Army", usiandike "hakuwa Cumann na mBan".

Hakiki kwa majalada ya pensheni za wapiganaji ya Military Archives ya Ayalandi, yako mtandaoni bure. Ila daraja la pensheni lisikudanganye. Sheria ya 1934 iliwaingiza Cumann na mBan, lakini waliishia D na E, mawili ya chini kabisa. Margaret Skinnider alipigwa risasi vitani 1916, na bado ombi lake likakataliwa 1925 kwa hoja kwamba sheria ilimaanisha askari wa kiume. Alilipwa 1938.

Mpekuzi: Asante. Na zile orodha za wanachama wa matawi?

BintiNyaraka: Zipo humo humo, lakini ziliandaliwa miaka ya 1930 na zinaonyesha hali ya tarehe 11 Julai 1921 na 1 Julai 1922. Aliyejitoa baada ya 1916 hatakuwemo. Hata waliokubali Mkataba wa 1921 na Uingereza watapungua kwenye ile ya pili: mkutano wa Cumann na mBan wa 5 Februari 1922 uliukataa kwa kura 419 dhidi ya 63, na baadhi yao wakahamia Cumann na Saoirse, chama cha wanawake waliounga mkono Mkataba.